Kabla hujalipia kabati la bluu, ligeuze

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili ili nisijibu kwa pupa. Unasema umehamia Mwanza kikazi, umepanga vyumba viwili juu ya mlima kule Mabatini, na huko Igogo umeonyeshwa kabati kuukuu la vyombo lililopakwa rangi ya bluu, ambalo muuzaji anaapa kuwa chini ya rangi ni mninga mtupu na analitaka shilingi 250,000. Unataka kujua kama anasema kweli, kama rangi hiyo inaweza kutolewa bila kuliharibu kabati, na kama kitu kikubwa namna hiyo kitakaa vizuri katika sebule ndogo. Mimi si seremala. Ni mtu aliyeijaza nyumba yake ya Kitangiri kwa samani zilizowahi kuwa za watu wengine, kwa muda wa miaka 11, na sehemu kubwa ya ninayoyajua niliyalipia kwanza kwa kukosea.

Nianze na huo mninga, kwa sababu ni neno linalopandisha bei ya samani haraka kuliko jingine lolote. Mninga huota katika misitu ya miombo, ile ya Tabora na Katavi, hukua polepole, na mbao zake leo si za kila mtu. Ndiyo maana samani nyingi mpya ni za paini au mgrevilea zilizopakwa rangi ya kuigiza mninga. Kabati langu la kwanza nililinunua saa moja jioni, chini ya taa moja ya umeme, kwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe. Asubuhi yake nilipolisogeza niliona vifundo vya mviringo vya paini vimejipanga upande wa nyuma, na chini yake kulikuwa na kijilima cha unga mweupe uliokuwa laini kama wa sembe. Ulikuwa unga wa bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, na nilikuwa nimewalipia nauli hadi kwangu.

Kwa hiyo nenda mchana, na usilitazame kabati usoni. Vuta droo, itoe kabisa, uigeuze chali. Mafundi wa zamani hawakupoteza rangi mahali pasipoonekana, kwa hiyo chini ya droo, nyuma ya kabati na ndani ya miguu utakuta mbao yenyewe. Moyo wa mninga ni wa kahawia inayoelekea dhahabu au wekundu, wenye michirizi iliyokolea, na pembeni yake wakati mwingine hubaki utepe wa rangi ya kimanjano hafifu, ambao ni sehemu ya nje ya mti. Ukikuta mbao nyeupe yenye vifundo vingi, basi rangi ya bluu imefunika paini. Hata hivyo usimwite muuzaji mwongo ukikuta ubao wa nyuma au sakafu ya droo ni plaiwudi, kwa maana mafundi wazuri walifanya hivyo kwa makusudi ili kupunguza uzito na gharama. Kinachotakiwa kuwa mninga ni miguu, fremu, milango na uso wa juu.

Huo utepe wa pembeni uutazame kwa makini zaidi, kwa sababu moyo wa mninga huwashinda bungua na mchwa kwa kiasi kikubwa, lakini sehemu ya nje huliwa kama mbao nyingine. Matundu ya bungua ni madogo, ya milimita moja hadi tatu. Matundu matupu yaliyojaa vumbi la zamani hayana neno. Unga mpya unaodondoka ukigonga kwa ngumi una maana kwamba wenyewe bado wamo ndani, na hapo ni afadhali uage kwa heshima. Kisha ubonyeze miguu kwa ncha ya ufunguo karibu na sakafu. Mahali mchwa walipopita ufunguo huzama.

Skrubu nazo husema umri. Zenye mkato mmoja kichwani kwa kawaida ni za zamani. Zenye alama ya msalaba zikiwa kila mahali, kabati ni la karibuni au limekarabatiwa. Binafsi hunipa imani zaidi ninapoona viungo ambavyo ulimi wa ubao umeingia ndani ya tundu la ubao mwingine bila msumari. Shika pembe mbili za juu ulitikise kidogo: likicheza, usiogope, gundi ndiyo iliyochoka, lakini ukiona misumari imegongwa kwenye kiungo ili kuzuia mchezo huo, punguza bei, kwani kuing'oa bila kupasua ulimi ni kazi ya siku nzima.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: andikishaneni hati ya mauziano, yenye majina, bei na maelezo ya kabati, na ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Samani kuukuu hupita mikono mingi, na ukija kuambiwa kuwa ilitoka kwa mtu bila ridhaa yake, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Sasa usafiri, na hapa ninakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote, kwa sababu umesema unakaa mlimani. Mgeni hudhani gharama ya kabati ni bei yake. Katika mji huu, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe na njia ya kufika mlangoni ni ngazi zilizochongwa kati ya majabali mawili, guta au kirikuu litakuacha barabarani na safari yenyewe ndipo inapoanza. Nilipokuwa bado ninaishi upande wa juu wa Isamilo nilinunua kabati la nguo la milango mitatu kwa mama mmoja aliyekuwa anahamia Dar es Salaam. Vijana wanne walilipandisha hadi mahali ambapo mawe mawili yanakaribiana, na hapo lilikataa: wima halikupita, ubavu halikupita, na mvua ilikuwa inatanda kutoka ziwani. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akitutazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, alishuka na kuniuliza kwa upole, "Baba, hilo jiwe ulilipima?" Sikuwa nimelipima. Tulilifungua kabati pale pale njiani, kipande kwa kipande, na ubao wa nyuma ulilowa hadi ukavimba. Tangu siku hiyo natembea na futi kamba mfukoni, na ninapima mlango wangu, kona ya korido na lile jiwe kabla ya kupima samani yenyewe. Wewe nawe panda na futi kamba leo jioni, pima penye wembamba kuliko kote, ndipo uende Igogo. Bei ya wapagazi ikubali kabla mzigo haujaanza kupanda, maana katikati ya ngazi huna nguvu ya kujadiliana.

Kuhusu rangi: ndiyo, inaweza kutoka, lakini usianze kwa msasa. Rangi za mafuta za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo, hasa wa watoto wadogo; ukiwa na mtoto nyumbani au kwa jirani mnayeshiriki ua, kulikwangua likiwa kavu ni hatari usiyoiona. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie moto. Pakaa dawa ya kuondolea rangi, fanyia kazi nje mahali penye hewa, vaa glavu, subiri rangi ivimbe, kisha uikusanye kwa skrepa iliyotolewa makali pembeni, ukifuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Mabaki yanayohitaji msasa yalowanishe kwanza, na uchafu wote uufunge kwenye mfuko badala ya kuupeperusha kwa ufagio. Kazi hii ni ya siku mbili au tatu kwa kabati kama hilo, na inachosha.

Chini ya bluu hiyo huenda ukakuta vanishi ya asili, na ukiikuta usifurahie kuitoa nayo. Chovya pamba kwenye spiriti na ujaribu mahali pa siri: ikilainika na kunata, ni vanishi ya sheleki, ile inayotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na inaweza kufufuliwa kwa kupanguswa kwa spiriti kidogo na kupakwa tabaka jipya jembamba. Isipoguswa na spiriti lakini ikayeyuka kwa thina, ni laka. Isiposikia yoyote kati ya hizo, ni vanishi ngumu zaidi. Kama haijabanduka, ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uikaushe mara moja, uiache. Zile duara nyeupe za vikombe vya chai ya moto ambazo watu huzionea aibu ni alama za kawaida kwenye sheleki, na nyingi huondoka kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa spiriti kinachopita haraka juu yake.

Usimruhusu fundi aje na mashine ya msasa siku ya kwanza. Nasema hivi bila kumdharau mtu. Mashine hiyo hupunguza kingo, hufuta alama za randa ya mkono, na kama uso wa kabati ni ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya ubao hafifu, hulitoboa kabla hujamaliza kusema "pole pole". Fundi mmoja aliniharibia hivyo meza ya pembeni, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo nikimsifu kwa kasi yake. Msasa wa mkono namba 180, halafu 240, unatosha kwa mbao ambayo tayari ilikuwa laini.

Viungo vinavyocheza vitengue kwanza, usimimine gundi mpya juu ya iliyokufa. Samani za zamani mara nyingi ziliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa maji ya moto. Kitambaa kilichochovywa na kuzungushiwa kiungo kwa dakika kadhaa hufanya kazi ambayo nyundo ingeifanya kwa kuvunja. Na uso wa juu usikazwe kwa skrubu pande zote kama mfuniko wa jeneza. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, wala si kwa urefu, na hapa ziwani tofauti ya masika na miezi mikavu ya Juni hadi Agosti inaonekana kwa macho: meza yangu niliyoikaza kwa nguvu ilipasuka Julai, na kila masika ufa huo hujifunga kiasi kwamba wageni hawaamini upo. Matundu ya skrubu yakirefushwa kidogo kuelekea upana wa ubao, ubao hupata nafasi ya kupumua.

Kupaka vanishi kunataka siku kavu na saa za asubuhi. Laka ikipulizwa wakati hewa ina unyevu mwingi hupata ukungu mweupe. Na usipake jioni ukawasha taa; wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda angani kama moshi, hufuata mwanga na kutua juu ya vanishi mbichi kwa mamia. Nina stuli yenye wadudu hao hadi leo. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, ni rahisi kupaka kwa asiye na uzoefu, ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe, kwa hiyo vitandaze nje vikauke.

Ulitaja pia kuwa unafikiria makochi ya mtumba. Nunua fremu tu. Sponji na kitambaa vyote vitolewe nje kabla ya kuvuka kizingiti chako, kwa sababu kunguni hujificha kwenye mishono na nyufa, na fremu imwagiwe maji yanayochemka kwenye kila kiungo. Kitambaa kipya kizito hupatikana kwa bei nafuu kwenye mapazia ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja, ukiwa na subira ya kupekua.

Kama kabati la bluu litakushinda, kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: mbao za mitumbwi iliyostaafu. Wavuvi hufumua mitumbwi iliyochakaa, na kati ya mbao za kuni utapata mvule ulioiva kwa miaka mingi ya maji na jua. Meza yangu ya kulia imetokana na ubavu wa mtumbwi wa Ukerewe. Ilinichukua miezi minne kuukausha kivulini na kuondoa harufu ya dagaa, na fundi alinung'unika kwa haki, maana kalafati, ile ya kuzibia mianya maji yasiingie, ilikuwa bado imeganda kwenye mishono, misumari ilikuwa imekatikia ndani, na mvule wenyewe una chembe ngumu kama jiwe zinazofanya randa ipoteze makali. Madoa meusi yaliyozunguka matundu ya misumari, yatokanayo na chuma kukutana na maji na mbao, nilikataa yasiondolewe.

Sebule yako ndogo itavumilia kabati moja kubwa, lakini haitavumilia makubwa mawili. Liweke ukutani pasipopigwa na jua la jioni linalotoka upande wa ziwa, kwa kuwa jua hilo huchosha vanishi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na liache vidole viwili kutoka ukutani ili hewa ipite. Vitu vingine viwe vya chini: mkeka, stuli mbili, taa moja. Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivitandika kila mahali vinapendeza juu ya mninga uliofufuliwa, ila kimoja, kisifunike ule uso uliouhangaikia. Vyombo vya bluu, kama unavyo, vipange ndani ya vioo, vitalikumbusha kabati rangi yake ya zamani.

Kwa bei: kama droo na miguu ni mninga, hakuna unga, na viungo havina misumari, 250,000 si ya kukimbia, ingawa ningeanza na 170,000 kwa kumwonyesha kazi ya kutoa rangi. Umesema bawaba za mlango wa kushoto zimekatika. Nina mbili za shaba zilizobaki kutoka kwenye kabati lile la Isamilo, zenye urefu wa sentimita sita na matundu matatu kila upande. Pima nafasi iliyochongwa kwenye mlango, uniandikie. Zikilingana, utazifuata Kitangiri.