Kila Tundu la Lesi Lina Deni Lake

Shali yangu ya kwanza ya kufuma kwa sindano niliifumua mara nne. Mara ya nne nilikuwa juu ya feri ya Likoni: watu wakasukumana kushuka, sindano ya chuma ikateleza, na kabla sijaidaka, mistari sita ya lesi, ule ufumaji wa matundu matundu, ilikuwa imekuwa tundu moja. Mama aliyesimama kando yangu akaitazama, akasema, "Pole mwanangu. Si ungenunua leso tu?"

Sikununua leso. Nilinunua sindano za mianzi, maana kwa jasho letu la Mombasa zinashika uzi kuliko za chuma. Sufu pia niliiacha. Shali ya pamba unaweza kuitupia begani hata harusini usiku bila kutafuta feni.

Lesi yenyewe haina uchawi. Unazungusha uzi kwenye sindano upate tundu, halafu unafuma vitanzi viwili pamoja ili hesabu irudi pale pale. Kila tundu lina deni. Sahau kulipa mara mbili, na mwisho wa mstari una vitanzi 83 badala ya 81, wala hujui kosa liko wapi. Ua langu hujirudia kila vitanzi 10, kwa hivyo kila baada ya 10 naning'iniza kipete cha uzi kwenye sindano. Nikikosea, nahesabu kumi tu.

Lakini kilichoniokoa hasa ni uzi wa cherehani. Kabla ya kuanza sehemu ya lesi, tunga uzi mwembamba wa rangi tofauti kwenye sindano ya mkono, uupitishe ndani ya vitanzi vyote (vile vipete usivitunge), uuache hapo. Ukiharibu, chomoa sindano zako ufumue bila hofu. Kufumuka kutakomea kwenye uzi huo. Ni kazi ya dakika tano, nami nilikuwa mvivu kuifanya kwa miezi mizima.

Katikati ya lesi na lesi weka mshono ule wa kwanza kabisa unaofundishwa, unaofumwa namna moja mbele na nyuma. Haujikunji pembeni, na kila mistari miwili hutoa tuta moja, kwa hivyo unahesabu matuta huku ukipiga soga. Rangi zibadilishie hapo, na kila mara ukiwa upande wa mbele, la sivyo vidoa vya rangi ya zamani vitajitokeza usoni. Lesi iache rangi moja. Uzi wa madoamadoa unayameza matundu, kazi yote bure.

Nilichagua rangi za kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ile nyekundu ilichuja. Siku hizi nalaza kipande chekundu na cheupe pamoja kwenye gilasi ya maji usiku kucha kabla ya kuanza.

Ukimaliza, shali itafanana na kitambaa kilichotafunwa na mbuzi. Usilie. Iloweke, ikamue ndani ya taulo, itandaze juu ya godoro, uivute na kuibana kwa pini mpaka ikauke. Hapo ndipo maua yanafunguka. Tafuta pini zisizoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi na pamba yenye maji, usiku mmoja unatosha kuzitia kutu. Shali yangu ina vidoa vitatu vya kutu karibu na bega la kushoto, ndiyo maana kwenye picha zote nimeikunja upande huo.