Maswali ya Wasomaji: Poti Imefunguliwa, Mbona Hakuna Anayeingia?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kurasa za ndani kabisa za ruta ya nyumbani, ambako hufunguliwa poti (milango yenye namba, ambayo programu hupokelea mawasiliano), zile ambazo wengi wetu huzifungua mara moja, tukaogopa, tukazifunga. Tumechagua tano. Mbili za mwisho zimejibiwa kwa ufupi kwa sababu jawabu lake ni fupi.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeweka seva ya mchezo wa Minecraft kwenye kompyuta yangu ili nicheze na binamu zangu wanaoishi mbali. Nilielekeza poti 25565 kwenye ruta, na kwa siku nne tulicheza bila shida. Baada ya ruta kuzimwa na kuwashwa tena, binamu zangu hawawezi kuingia, ingawa mpangilio niliouweka bado uko palepale na kompyuta yangu inapata intaneti kama kawaida. Nimekosea wapi? (Mchezaji Aliyekwama)

Jibu: Poti uliielekeza sawasawa. Ulichosahau ni kuiwekea kompyuta yako anwani isiyobadilika.

Nyumba nzima huonekana kwenye intaneti kwa anwani moja ya nje, na mwenye anwani hiyo ni ruta. Kompyuta, simu na televisheni hupewa anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168, na ambazo hazimfikishi mtu popote akizitumia akiwa nje. Simu yako inapofungua ukurasa wa wavuti, ruta huandika kwenye jedwali lake kwamba ombi hilo limetoka kwa simu, na jibu linaporudi hulikabidhi kwa mwenyewe. Binamu yako anapopiga hodi kutoka nje, hakuna kifaa cha ndani kilichomwita, jedwali halina mstari unaomhusu, na ruta hulitupa ombi lake bila hata kumjibu. Kuelekeza poti ni kuiachia ruta maagizo mapema: lolote litakalokuja kwa poti 25565 lipelekwe kwa, tuseme, 192.168.1.23. Angalia kwamba maagizo hayo yametaja anwani, hayakutaja kompyuta. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda tu, kwa utaratibu uitwao DHCP, na ilipowaka upya inaelekea kompyuta yako ilipewa namba nyingine huku 23 ikichukuliwa na kifaa kilichowahi kuunganishwa. Huenda wiki nzima binamu zako wamekuwa wakiibishia hodi televisheni.

Ili kuhakikisha, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ipconfig, kisha soma mstari wa anwani ya IPv4. Ikiwa hausemi anwani uliyoiandika kwenye ruta, mkosaji umemkamata. Nenda kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uiambie ruta kwamba kompyuta hii ipewe namba ileile siku zote. Utaombwa anwani ya MAC ya kompyuta, yaani zile herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili. Kama unatumia Wi-Fi, hakikisha kwanza kwamba kompyuta haijawekwa itumie anwani ya MAC ya kubahatisha, kwa sababu ikibadilika, ruta itaiona kompyuta yako kama mgeni na uhifadhi wako hautafanya kazi.

Kuna mambo mawili mengine ambayo huwapotezea watu jioni nzima. La kwanza ni aina ya mawasiliano: toleo la Java la mchezo huo hutumia TCP, ilhali toleo la Bedrock hutumia UDP na poti 19132, kwa hiyo mwenye kuchanganya hayo mawili atapata ukimya ule ule hata akirudia mara kumi. La pili ni kwamba tovuti za kupima poti husema poti imefungwa endapo seva yenyewe haijawashwa, kwa kuwa hakuna programu ya kuitikia. Washa seva kwanza, iruhusu kwenye faiwoli ya kompyuta (programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa), ndipo upime. Mimi mwenyewe niliwahi kuilaumu ruta kwa saa mbili kumbe niliandika 15 mahali pa 51.

Swali: Nimehifadhi anwani ya ndani, nimeelekeza poti, nimeruhusu programu kwenye faiwoli, na bado poti inaonekana imefungwa. Jambo moja linanishangaza: ukurasa wa hali ya ruta unasema anwani yangu ya nje ni 100.72.14.9, lakini tovuti za kuonyesha anwani hunipa namba tofauti kabisa. Je, ruta imeharibika? (Msomaji Asiyekata Tamaa)

Jibu: Ruta yako ni nzima, na hicho ulichokiona kwa kushangaa ndicho jibu lenyewe. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mfumo wa anwani wa IPv4 una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa Februari 2011, kwa hiyo watoa huduma wengi walilazimika kufanya kwa mitaa mizima yale ambayo ruta yako hufanya kwa nyumba moja. Maana yake ni kwamba kati yako na intaneti kuna mtambo mwingine wenye jedwali lake, na wewe huna ufunguo wa mtambo huo. Hata ukielekeza poti zote zilizopo, maombi ya kutoka nje yatatupwa kabla hayajaufikia mlango wako.

Mwombe mtoa huduma akupe anwani yako mwenyewe ya nje. Wengine hutoa kwa kuombwa tu na wengine hutoza ada ya kila mwezi. Akikataa, uliza kama anatoa IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani, ambako kila kifaa huweza kuwa na anwani yake na kazi inayobaki ni kuruhusu mawasiliano kwenye faiwoli ya ruta, ila na wageni wako nao lazima wawe na IPv6. Njia ya tatu ni kutumia VPN (njia ya faragha inayounganisha vifaa kupitia intaneti) inayopitia seva iliyo nje, ambapo ni kifaa chako kinachoanza kupiga simu, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua chochote.

Msomaji ambaye anwani ya nje ya ruta yake inaanza na 192.168 asikimbilie kumpigia mtoa huduma. Atazame kwanza chini ya meza. Mara nyingi atakuta modemu ya mtoa huduma nayo ni ruta, na ruta aliyoinunua imechomekwa nyuma yake, kwa hiyo ana majedwali mawili nyumbani. Dawa ni kuiweka modemu katika hali ya daraja, ili ipitishe tu mawasiliano bila kuyaingilia, au kuelekeza poti mara mbili: kutoka modemu kwenda ruta, kisha kutoka ruta kwenda kwenye kifaa.

Swali: Fundi aliyetufungia kamera za ulinzi aliiweka mashine ya DVR, ile inayorekodi picha za kamera, kwenye sehemu ya ruta iitwayo DMZ ili tuone picha tukiwa safarini. Inafanya kazi vizuri sana. Mwanangu anasema ni hatari, fundi anasema hakuna tatizo kwa sababu amebadilisha poti ya 80 kuwa 8081. Nimsikilize nani? (Mama Mwenye Nyumba)

Jibu: Msikilize mwanao, mama, na leo hii hii muiondoe mashine hiyo kwenye DMZ.

Kuelekeza poti moja ni kufungua dirisha moja. DMZ ya ruta za nyumbani ni kung'oa ukuta wa upande mmoja: kila ombi la kutoka nje ambalo halina mwenyewe, kwa poti yoyote katika poti zote 65,535, hupelekwa kwa kifaa hicho kimoja. Poti ambazo fundi hakuzifikiria, pamoja na zile ambazo kiwanda kiliziacha wazi kwa ajili ya mafundi wake, zote zinaonekana na dunia nzima. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za DVR kwa wingi kwa kuingia kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuamuru kifaa kutoka mbali, na kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani zake, na watu wengi wakashindwa kufungua huduma kama Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote, kwa sababu picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida. Ndiyo maana "inafanya kazi vizuri" si ushahidi wa usalama.

Hoja ya fundi kuhusu 8081 haina uzito. Programu za kutafuta vifaa vilivyo wazi hupita anwani kwa anwani na poti kwa poti bila kuchoka, na namba iliyobadilishwa huzichelewesha kidogo tu.

Badala yake, angalieni kama ruta yenu ina huduma ya VPN ndani yake. Ikiwa ina WireGuard, ambayo ni aina moja ya VPN, itahitaji poti moja tu ya UDP, ambayo kwa kawaida ni 51820, na mtu asiye na ufunguo akiibisha hodi hajibiwi kitu, hata hawezi kujua kama kuna mlango. Mkiwa safarini mtawasha VPN kwenye simu, kisha mtafungua kamera kwa anwani yake ya ndani, kana kwamba mko sebuleni. Badilisheni pia nywila ya DVR, na mzime uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje kama fundi aliuacha umewashwa. Kisha fungueni orodha ya poti zilizoelekezwa, kwenye menyu inayoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server", mfute kila mstari ambao hakuna mtu nyumbani anayeweza kueleza kazi yake.

Swali: Je, nizime UPnP? (Mwenye Haraka)

Jibu: UPnP huruhusu programu iliyo ndani ya nyumba iiombe ruta ifungue poti, na ruta hukubali bila kuuliza nywila. Mtu anayecheza kwa mashine ya michezo huikuta ina manufaa. Asiye na mashine hiyo mara nyingi hapotezi kitu akiizima UPnP. Binafsi nimeizima. Ukiiacha, pitia mara kwa mara jedwali la poti ambazo imezifungua.

Swali: Rafiki zangu wanaifikia seva yangu kwa anwani ya nje, lakini mimi nikiwa nyumbani nikitumia anwani hiyohiyo siifikii. (Mgeni Nyumbani Kwake)

Jibu: Baadhi ya ruta haziwezi kupokea ombi kutoka ndani linaloelekea kwenye anwani yao wenyewe ya nje na kuligeuza lirudi ndani. Ukiwa nyumbani tumia anwani ya ndani ya seva. Ukitaka kupima kama mgeni wa kweli, zima Wi-Fi ya simu, washa data, ujaribu tena.