Unataka kuanzisha taasisi ya utafiti wa sera? Anzia gulioni

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kufungua taasisi ya utafiti wa sera hapa Dodoma. Nianze na usajili au nitafute mfadhili kwanza?"

Marahaba mdogo wangu. Anza na swali.

Sisi tulioanzisha taasisi kama hiyo, la kwetu tulilipata gulioni, wilayani Kongwa. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hupigwa marufuku karibu kila msimu. Lakini pale mbele yetu gunia la mahindi lilikuwa limeshonewa kilemba kwa kamba. Vijana wawili wakalipandisha kwenye mzani kwa shida, mshale ukapita 100 ukazidi kusogea. Mama mwenye mahindi akalipwa bei ya gunia moja. Getini ushuru ukatozwa wa gunia moja. Mkulima kapunjwa, na halmashauri nayo kapunjwa! Dhamira yetu ilizaliwa hapo na haijabadilika: kinachompata mwananchi kipimwe, kisha kiwafikie watunga sera.

Wakubwa zetu katika utafiti wa sera, taasisi za ESRF mwaka 1993 na REPOA mwaka 1994, walianzia Dar es Salaam kwa sababu serikali ilikuwa kule. Leo wizara ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, na Bunge liko hapahapa. Itumie nafasi hiyo. Muswada wa Fedha unapofika Juni, Kamati ya Bajeti husikiliza wadau. Usiende na ripoti nene ya Kiingereza wakati wabunge wanajadili kwa Kiswahili. Peleka kurasa mbili, zenye takwimu na pendekezo moja.

Kuhusu fedha, mfadhili mmoja alitutaka tuiondoe kwenye ripoti yetu aya ya ushuru unaopotea kwa lumbesa "ili tusiharibu mahusiano". Tulikataa, akaondoka na mradi wake. Bado inaniuma, maana wenzetu wazuri walilazimika kutafuta kazi kwingine. Ila aya ile imebaki, na ninajivunia. Vijana, acheni kuandika hitimisho kabla hamjafika shambani! Anayekupa pesa akakutajia na jibu, huyo hahitaji mtafiti.

Usajili ni makaratasi tu: nenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kwenye katiba yenu wekeni kifungu kwamba matokeo yatachapishwa hata kama mfadhili hayapendi, na mumwoneshe kabla hajasaini mkataba.