Kuchanganya Zabibu Si Kuchakachua

SWALI: Shikamoo mama. Nimenunua chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, Côtes du Rhône, kwa shilingi 38,000, tuadhimishe miaka 10 ya ndoa yetu. Imeandikwa zabibu za Grenache, Syrah na Mourvèdre, tena ni wa shamba dogo la familia. Rafiki yangu anasema mchanganyiko wa bei hiyo umechakachuliwa. Nimeihifadhi juu ya kabati la jikoni. Je, nimepigwa?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Hujapigwa. Kusini mwa bonde la Rhône wakulima huchanganya zabibu kwa makusudi, na jina hilo lina kanuni zake tangu 1937. Grenache huleta ladha ya matunda mekundu na ule moto wa kifuani. Syrah huleta rangi na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre huleta ukakasi, kama wa bibo. Nani hapa Tanga anapika pilau kwa iliki tupu?

Bei isikutie shaka. Majirani zao wa Châteauneuf-du-Pape, wenye mvinyo maarufu na ghali, wanalipwa kwa sifa ya jina, na mvinyo mwingi wa Côtes du Rhône hukaa kwenye matangi ya saruji au chuma, si mapipa mapya ya mwaloni ambayo ni ghali. Soma lebo: ukiona *mis en bouteille au domaine*, umetiwa chupani shambani kwenyewe. Mimi hayo maneno nayatafuta kabla ya kutazama bei.

Kinachonitia hofu ni joto la hapo juu ya kabati. Nilipokuwa mhudumu wa hoteli moja hapa mjini, tuliacha katoni nzima kwenye stoo ya bati mwezi wa Februari. Vizibo vilisukumwa juu, mvinyo ukanuka matunda yaliyochemka. Kazi ya mwaka mzima ya mkulima tuliimwaga kwenye sinki, na hadi leo inaniuma. Tafadhali, ishushe leo hii, uiweke sehemu ya chini ya friji. Siku yenyewe itoe nusu saa kabla ya kula. Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, ni nyuzi 16 hadi 18, na chumba cha namna hiyo Chumbageni hakipo.

Mchomee mkeo mbuzi. Changu wa nazi mwache siku nyingine, maana mvinyo mwekundu wa namna hii huweza kumpa samaki ladha ya chuma. Mvinyo ukibaki, rudisha kizibo, weka kwenye friji, na muumalize ndani ya siku 3.