Valvu kwa volti 12: majibu kwa waliokwama mezani

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu amplifaya ya hedifoni inayochanganya valvu (kile kikuza sauti cha kioo cha zamani) na transista kwa umeme wa volti 12. Kwa ambao hawajaiona: valvu moja ya ECC82 inapokea sauti na kuikuza. Kisha kila upande una mosfeti (aina ya transista) ya IRF510 inayosukuma hedifoni, na chini yake LM317, kidude kinachoshikilia mkondo usiyumbe. Ndani ya kioo cha ECC82 mna valvu mbili, ndiyo maana moja inatosha kushoto na kulia.

Shikamoo fundi. Nimesoma ECC82 inataka volti 250. Kwa volti 12 inafanya kazi kweli, au ni pambo? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Inafanya kazi, ila kinyonge. Mkondo wa anodi, yaani unaopita ndani ya valvu, haufiki hata miliampea moja, na huo hauwezi kusukuma hedifoni ya omu 32. Hapo ndipo mosfeti inapoingia. Wala wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa valvu maalumu za redio za magari, kama 12AE6, zilizotumia volti 12 za betri moja kwa moja. Baadaye mhandisi Pete Millett wa Marekani alizitumia valvu za aina hiyo kwenye amplifaya yake ya hedifoni, na mafundi wengi wa nyumbani wakamfuata.

ECC82 haikubuniwa kwa volti ndogo hivi, kwa hiyo mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana sana. Hata hivyo naipendekeza kwa moyo wote kwa anayeanza. Unajifunza valvu bila volti 250 mezani, na mkono ukiteleza utaunguza kifaa, hutapoteza maisha.

Upande wa kushoto uko safi, wa kulia unakwaruza kama spika iliyopasuka. Nimeshabadilisha valvu mara mbili. (Msomaji, Nakuru)

Pole, lakini usibadilishe kitu kingine chochote kabla hujashika mita. Iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye ardhi, nyekundu kwenye mguu wa tatu wa IRF510, yaani sosi. Panatakiwa pawe na kama volti 6, nusu ya umeme unaoingia. Nadhani upande wako mbovu utasoma 9 au 3. Sauti inapanda na kushuka kuzunguka hapo. Ikianzia karibu na dari au sakafu, inakatwa upande mmoja, na huko kukatwa ndiko unakokusikia kama mkwaruzo.

Zungusha trima (rezista ndogo ya kurekebisha) ya upande huo polepole hadi 6, kisha subiri. Valvu inapozidi kupata moto, namba itasogea mbele ya macho yako. Rudia baada ya dakika 10, amplifaya ikiwa imeshika joto lake la kawaida. Kila ukibadilisha valvu, kazi hii inaanza upya. Bila shaka ndiyo maana valvu zako mbili mpya hazikusaidia.

Bapa la alumini la kupozea linachemka hadi siwezi kuligusa. Ni kawaida? (Msomaji, Tanga)

Moto ni kawaida, kiasi hicho hapana. LM317 inashikilia volti 1.25 kwenye rezista yake, kwa hiyo rezista ya omu 5 inapitisha miliampea 250 muda wote, hata muziki ukiwa umezimwa. Kwa joto la pwani, weka ya omu 10. Mkondo unashuka hadi 125, moto unapungua nusu, na hedifoni ya omu 32 bado itatosheka.

Ila kagua kwanza mika, vile vipande vyembamba visivyopitisha umeme. Bati la mgongoni mwa IRF510 limeunganishwa na drini, yaani volti 12. Bati la LM317 ni tokeo lake. Ukizifunga zote kwenye bapa moja bila vipande vya mika na bushi za plastiki kwenye skrubu, umetengeneza shoti. Mimi nilisahau kipande kimoja tu, na rezista ya omu 5 iligeuka nyeusi kabla sijaufikia waya wa adapta. Tangu hapo naweka mita kwenye kipimo cha mlio na kupima kati ya kila bati na bapa kabla ya kuwasha. Mita isilie.

Valvu haitoi mwanga kabisa. (Msomaji, Kigoma)

Hita ya ECC82, yaani waya unaoipasha valvu moto, kwa volti 12 inaunganishwa miguu ya 4 na 5, na mguu wa 9 unaachwa. Miguu inahesabiwa ukiitazama kwa chini, kufuata mshale wa saa, kuanzia penye pengo. Ukihesabu kwa juu, kila kitu kinageuka. Na ole wako ukipeleka volti 12 kati ya 4 na 9: hiyo ni nusu ya hita, inataka 6.3 tu, itakatika.

Kama wiring ni sahihi, zima taa ya chumba. Mwanga wake halisi ni hafifu. Ule wa rangi ya chungwa unaong'aa kwenye bodi za bei rahisi mara nyingi ni taa ndogo ya LED iliyofichwa chini ya valvu.

Nikiwasha, hedifoni inapiga mlio mkubwa wa "tup!". Inaharibu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kapasita ya tokeo, iliyo kati ya mosfeti na hedifoni, inajaa kupitia hedifoni yako. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka tokeo kwenda ardhini, washa, subiri dakika nzima, ndipo uchomeke. Mara ya kwanza pima DC kwenye jeki: ishuke karibu na sifuri. Jaribu na hedifoni ya bei ndogo. Usiweke kapasita chini ya mikrofaradi 470, besi itapungua.

Naweza kutumia betri ya sola badala ya adapta? (Msomaji, Singida)

Ndiyo, na mvumo wote wa adapta utaondoka. Hita inakula miliampea 150, pande mbili zenye omu 10 zinakula 250, jumla 400. Betri ya ampea-saa 7 itakupa jioni kadhaa. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na ncha ya betri. Na usisikilize ikiwa inachajiwa, kwa sababu volti hupanda hadi 14 na ushee, na hita haitakiwi kuzidi 13.8.