Kabla hujafungua propela, tia alama

Ukitia gia gari ikapiga "kong!" chini, au ikaanza kutetemeka ukishika spidi ya 80, lala chini uikamate propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) uitikise. Krosi (kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela) ikicheza hata kidogo, imekwisha. Ikilia kama panya ukienda polepole, imekauka grisi. Gari zetu za difu mbili (zinazovuta tairi zote nne) zinazoshinda mchangani Paje, huku Unguja, na kurudishwa nyuma baharini kushusha boti ndizo zinazoumia zaidi. Chumvi hupenya kwenye vikombe vya krosi, na ukifungua unakuta sindano za beringi zimekuwa unga mwekundu.

Kuitoa si kazi kubwa. Gari iwe pasawa, na kila tairi itiwe kabari mbele na nyuma. Usitegemee gia, kwa sababu propela ya nyuma ikitoka, gia haizuii tena tairi za nyuma. Kwenye Land Rover Defender za zamani ni zaidi ya hapo: hendibreki yenyewe inashika propela, kwa hiyo nayo usiitegemee.

Sasa alama. Tia kwa tindo au rangi ya kucha (chaki itafutika na mafuta) kwenye flenji (sahani inayofungiwa propela kwa nati) na propela, ncha zote mbili, halafu na kwenye shingo ile inayoingia na kutoka. Hapa ndipo ninapobishana na mafundi. Watakwambia, "Wewe linganisha macho ya krosi tu, basi." Yaani matundu yanayoshika krosi, ncha hii na ile, yatazame upande mmoja. Nyingi ndivyo zilivyo, kweli. Lakini propela ya mbele ya Land Cruiser 80 ilitoka kiwandani bila kulingana, kwa makusudi. Ukiilinganisha umejitafutia mtetemo.

Toyota nyingi zinataka spana namba 14. Tumia ya ringi, na nati zimwagie mafuta ya kutu tangu usiku. Nati ikishaliwa kona, hapo ni tindo na nyundo. Ncha moja ikiachia, ifunge kamba. Usiiache ikaning'inia kwenye krosi ya upande wa pili.

Kurudisha: safisha nyuso za flenji, fuata alama, tia nati mpya, kaza kwa kupishanisha. Piga grisi krosi mpaka mpya itokeze vikombe vyote vinne. Shingoni acha mapema. Ikijaa mno, propela haiwezi kujifupisha gari ikiingia shimoni, na kishindo kinakwenda kwenye beringi za difu na za transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma).

Nenda nayo mpaka Mwera urudi, kisha ingia tena chini na spana, uguse nati zote.