Nililala vizuri baada ya chanjo, mbona roho inanisuta?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie nauza vitumbua Ngamiani, Tanga. Mama alifariki Februari 2021, tukaambiwa changamoto ya upumuaji, tulimfukiza majani ya mkaratusi mpaka jasho linamtiririka, wapi. Agosti chanjo ya korona ikaja nikaenda, kwenye foleni moyo unadunda, vidole ganzi, nikajua nakufa hapahapa. Lakini usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza tangu msiba. Kuamka nikalia, nikaona nimefurahia kitu ambacho mama hakukipata. Kanga aliyojifunika wakati wa kujifukiza mpaka leo sijaifua. Ile chanjo iliniharibu akili au?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Haikukuharibu akili. Ile ganzi ilikupata hata sindano hujaiona, ni hofu hiyo, mtu akiogopa anahema harakaharaka mpaka vidole vinaanza kuchoma na kichwa kinakuwa chepesi, wahudumu wa chanjo wanaijua sana.

Na usingizi usiuonee haya. Miezi 6 ulikuwa unalala jicho moja, kila kikohozi cha mtoto unashtuka, sasa mwili ulipoona kuna kinga ukajiachia. Kule Marekani walifuatilia watu wazima kama 8,000 kuanzia Machi 2020 mpaka Machi 2021, waliopata dozi ya kwanza wakaonekana msongo umewapungua. Ila mwanangu, chanjo iliondoa hofu tu, msiba ulikuwa palepale, na hofu ilipotoka ndo ukapata nafasi ya kumlilia mama. Yale machozi ya asubuhi yalikuwa yake, yalichelewa tu.

Halafu hili naomba ulishike: shehena ya kwanza, Johnson & Johnson dozi 1,058,400, iliingia nchini tarehe 24 Julai 2021, Rais Samia akazindua tarehe 28. Mama Februari keshazikwa. Hakuna mlango uliosahau kumgongea, dawa yenyewe ilikuwa haijafika Tanzania.

Kama bado usiku unakesha au chakula hakipiti, nenda hospitali mwambie daktari kwa mdomo wako, "toka mama afariki silali", usimwambie kichwa kinauma ukapewa panadoli ukarudi nayo nyumbani. Kanga usiifue kwa kulazimishwa na mtu. Yupo ndugu mliyeshika naye sufuria la mvuke siku zile? Nenda kakae naye barazani, umwambie kuhusu ule usingizi.